Mtoto Akiogopa, Msimcheke

Usiku mvua inyeshapo juu ya milima ya Kivu na ngurumo kutikisa mabati ya nyumba, watoto wengi hulia. Baba aliyechoka kwa kazi hupaza sauti: «Nyamaza! Unaogopa nini?» Mtoto hunyamaza, lakini hofu yake haikuondoka, imejificha moyoni tu.

Wazazi wapendwa, yafaa tujue kwamba woga wa mtoto si ugonjwa wala si tabia mbaya. Mtoto wa miezi minane hivi huanza kumlilia mgeni, kwa sababu sasa amtambua vema mama yake. Afikapo miaka mitatu au minne, aweza kuwaza mambo asiyoyaona, wala hajajua bado kutenganisha ndoto na kweli. Ndipo giza linapojaa wanyama wakali. Hofu hizo ni alama ya akili inayokua.

Basi tufanye nini? Kwanza, tumfundishe mtoto kitu anachokiogopa. Nuru ya umeme hutufikia papo hapo, lakini sauti yake hukawia: huenda kilometa moja kwa sekunde tatu hivi. Umeme ukimulika, hesabuni pamoja polepole hata ngurumo isikike. Mkifika tisa, radi ilipiga mbali, yapata kilometa tatu. Hesabu ikizidi kila mara, tufani inakwenda zake. Mtoto anayehesabu hana nafasi ya kutetemeka.

Pili, tusimdanganye. Milima yetu ni miongoni mwa pahali pa dunia penye radi nyingi kabisa. Usimwambie basi kwamba radi haina neno. Mwambie: «Radi ni hatari kwa aliye chini ya mti au mtumbwini ziwani. Sisi tumo nyumbani, mlango umefungwa, nami nipo karibu nawe.»

Ndivyo ilivyo huko Goma pia. Mlima Nyiragongo ulimwaga moto mwaka 1977, tena mwaka 2002, tena tarehe 22 Mei 2021, na ardhi ikatetemeka siku nyingi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtoto aliyekimbia usiku ule aweza kushtuka gari kubwa lipitapo tu. Usimwahidi kwamba mlima hautawaka tena, kwa maana hakuna awezaye kuahidi hivyo. Mwonyeshe njia mtakayopita na mahali mtakapokutana mkipotezana, umwambie: «Tukiondoka, tutaondoka pamoja.»

Tatu, tuache vitisho. Mama wangapi husema: «Usipokula, nitamwita mganga akuchome sindano!» Siku ile mtoto atakula. Lakini homa ikimshika, atauficha ugonjwa wake, na malaria haimngoji mtoto mdogo: matibabu yakichelewa, yaweza kumwua kwa muda wa siku chache. Neno la mzaha limemfungia mlango wa hospitali.

Ninyi wanafunzi mlio na wadogo zenu nyumbani, neno hili lawahusu pia. Msijifiche nyuma ya mlango ili kuwashtua, wala msiwasimulie hadithi za mizimu wakati wa kulala. Mdogo wako akiogopa kwenda nje usiku, chukua taa, mshike mkono, mwende pamoja. Kesho mwache atangulie hatua chache, wewe ukisimama mlangoni ili akuone. Hivyo ndivyo ushujaa unavyofundishwa: hatua kwa hatua, na mkubwa akiwa karibu.