Asili ya majina ya ujamaa na ndoa katika lugha ya Kibaski

Wabaski wanakaa pande mbili za milima ya Pyrénées, katika Uhispania na Ufaransa. Hakuna lugha nyingine hai iliyothibitishwa kuwa ndugu ya Kibaski. Kwa hiyo hatuwezi kutafuta asili ya maneno yake kwa kulinganisha lugha jamaa, kama tufanyavyo kwa lugha za Kibantu. Zinabaki njia nyingine, na majina ya ujamaa yanazionyesha vizuri.

Ya kwanza ni maandishi ya kale. Juu ya mawe ya enzi ya Warumi yaliyopatikana Aquitaine, tunasoma majina ya watu kama Andere na Nescato, pamoja na shina Sembe-. Leo andere ni bibi, na neskato ni msichana. Mtaalamu Koldo Mitxelena (1915-1987) alieleza kwamba mb ya kale iligeuka kuwa m. Ndiyo maana sembe limekuwa seme, yaani mwana wa kiume.

Ya pili ni muundo wa neno. Aita ni baba, ama ni mama, on ni -ema. Kwa hiyo aitona (babu) ni “baba mwema”, na amona (nyanya) ni “mama mwema”. Ezkongabe, mtu asiye na ndoa, lina gabe, yaani “bila”. Alaba (binti), osaba (mjomba au ami), izeba (shangazi) na arreba (dada) yana mwisho mmoja, -ba, unaohesabiwa kuwa kiambishi cha kale cha ujamaa. Tusiuhusishe na baba yetu: kufanana kwa silabi moja si ushahidi.

Tena, arreba ni dada wa mwanamume tu. Dada wa mwanamke ni ahizpa. Msemaji wa Kinyarwanda, mwenye neno mushiki kwa dada wa mwanamume, hatashangaa.

Emazte, yaani mke, lina historia nyingine. Sehemu yake ya kwanza, eme, “jike”, ina asili ya Kilatini, femina. Ya pili ni gazte, “kijana”. Katika kitabu cha kwanza cha Kibaski kilichopigwa chapa, mwaka 1545, emazte lilimaanisha pia mwanamke yeyote.

Je, neno la kukopa ndani ya nyumba linaifanya lugha kuwa mchanganyiko usio na asili? Hasha. Nasi twasema jamaa na talaka, maneno ya Kiarabu, na sarufi yetu imebaki ya Kibantu. Asili ya neno ni jambo moja. Asili ya lugha ni jambo jingine.