Chaneli Nzuri Haimfundishi Mwanao Fizikia

Kila matokeo ya mtihani wa majaribio yakitoka, simu yangu hupokea ujumbe uleule kutoka kwa watu tofauti. "Mwalimu habari za jioni, samahani kwa usumbufu, naomba unitumie chaneli nzuri ya Fizikia mtoto awe anaangalia." Wengine huuliza moja kwa moja kwenye grupu la wazazi, na kabla sijajibu, wenzao wameshamwaga viungo: hii inaeleza vizuri sana, hii mwanangu kaipenda, hii ina wafuasi mamilioni. Bando linanunuliwa. Mtoto anakaa na simu sebuleni mwezi mzima. Muhula unaofuata alama ni zilezile, na ujumbe unarudi: "Mwalimu, ile chaneli naona haikumfaa. Hakuna nyingine?"

Hakuna nyingine. Chaneli hizo nazijua, kadhaa naziangalia mwenyewe, na huko chini nitazitaja ili tusigombane. Lakini swali lenyewe limekaa vibaya, na kulijibu kwa adabu mwaka hadi mwaka kumenichosha.

Nyuma ya swali hilo kuna imani moja. Mtoto hafaulu kwa sababu hajapata mtu wa kumweleza vizuri. Akimpata, mwenye picha zinazotembea na sauti ya kuvutia, somo litaingia. Imani hii inafanana mno na ukweli, ndiyo maana haing'oki.

Aliyeivunja si mzee fulani anayechukia simu. Ni Derek Muller, mwanzilishi wa Veritasium, mojawapo ya chaneli za sayansi zenye watazamaji wengi duniani na ambayo haikosekani katika orodha zenu. Kabla hajaianzisha, Muller alifanya utafiti wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Sydney, akaukamilisha mwaka 2008, na mada yake ilikuwa hii hii: video ya kufundishia Fizikia iweje? Alichukua wanafunzi, akawapa mtihani wa sheria za mwendo za Newton, akawaonyesha video iliyoeleza sheria hizo kwa ufasaha, halafu akawarudishia mtihani. Akawauliza wameionaje. Wakaisifu: inaeleweka, imenyooka, haina maneno mengi. Wastani wao kabla ya kuiangalia ulikuwa alama 6 kati ya 26. Baada ya kuiangalia ukawa 6.3.

Naomba mzazi arudie kusoma tarakimu hizo kabla hajaendelea.

Na si hivyo tu. Walitoka pale wakiwa na uhakika zaidi na majibu yao, yaani yaleyale waliyokosea. Kundi jingine lilionyeshwa video ya namna nyingine: mtu anatoa mawazo potofu ambayo wanafunzi wengi huwa nayo, mwenzake anambishia, wanavutana mpaka jibu sahihi linapatikana. Waliotazama hiyo walisema inachanganya, inaumiza kichwa. Wastani wao ulitoka 6 ukafika 11. Video iliyopata sifa haikuwafundisha, na iliyolalamikiwa ndiyo iliyowafundisha. Sasa niambieni, mkikutana kwenye grupu kupendekezana, mnapendekeza ipi?

Sababu yake naiona kila mwaka nikiingia kidato cha tatu. Narusha chungwa juu, nalidaka, kisha nawaambia: chungwa likiwa bado linapanda, mkono umeshaliachia, hewa tuiache, chora kani zote zinazofanya kazi juu yake. Wengi wanachora mishale miwili. Mmoja unaelekea chini, wameuandika graviti. Wa pili unaelekea juu, mrefu zaidi, wameuandika kani ya mkono. Ukiwauliza likifika kileleni inakuwaje, wanajibu bila kusita kwamba mishale inalingana, ndiyo maana linasimama. Likishuka? Wa chini umeshinda. Maelezo yamepangika vizuri, yanajitosheleza, na ni makosa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tangu mkono ulipoachia, mshale ni mmoja tu, wa kwenda chini, kote njiani, hata pale kileleni.

Sasa mwonyeshe mtoto huyo video safi. Mwelezaji anasema: kani iliyopo ni ya uvutano tu. Mtoto anatikisa kichwa, kwa sababu graviti alishaichora. Anachosikia ni kwamba alikuwa sahihi. Lile "tu" lililobeba somo zima limempita, na hakuna mtu ndani ya simu wa kumuuliza, "Na huu mshale wako wa pili unatoka wapi?" Nilimrudishia karatasi mwanafunzi mmoja aliyeniambia ameangalia video tatu za mada hiyo. Alichora mishale miwili ileile. Safari hii alitumia rula.

Hapo mzazi hunijibu, "Lakini mwalimu, mwenyewe anasema anaelewa." Bila shaka anasema, na wala hadanganyi. Hisia ya kuelewa anayo kweli. Kosa letu ni kudhani hisia hiyo inapima kitu.

Michael Kardas na Ed O'Brien wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha mwaka 2018 majaribio ambayo ningependa yabandikwe kwenye ukuta wa kila sebule. Watu waliangalia video ya mtu anayefanya jambo la ustadi: kuchomoa kitambaa mezani bila kuangusha vyombo, kurusha vishale kwenye shabaha, kucheza kwa kuteleza nyumanyuma kama Michael Jackson. Wengine waliiona mara moja, wengine mara 20. Waliorudia mara 20 walijiamini zaidi kwamba nao wataweza. Walipojaribu vishale na kule kuteleza, hawakuwazidi wenzao hata kidogo.

Mwaka uliofuata, Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard walichapisha matokeo ya madarasa ya Fizikia chuoni kwao. Kundi moja lilikaa likamsikiliza mhadhiri hodari. Jingine lilipewa maswali likayahangaikia kwanza, kwa mada ileile na maandishi yaleyale. Waliosikiliza walisema wamejifunza zaidi. Mtihani ulipokuja, waliohangaika ndio waliopata zaidi. Hao ni wanafunzi wa Harvard, wanashindwa kujipima. Wa kidato cha pili atajipimaje akiwa amejilaza kwenye kochi?

Kwa hiyo mapendekezo yote yanayozunguka mtaani yanategemea shahidi asiyefaa, yaani mtazamaji aliyeridhika. Idadi ya wafuasi ni hao hao waliojumlishwa. YouTube nayo, tangu mwaka 2012, ilipoacha kutegemea idadi ya kubofya ikaanza kuupa uzito muda ambao mtu anakaa akitazama, inakusogezea video zinazokalisha watu. Mtambo huo hauna njia ya kuliona daftari la mwanao.

Halafu kuna zile za "Fizikia ya kidato cha nne yote ndani ya saa moja". Hizo hushika kasi usiku wa kuamkia mtihani, na wanaozisambaza ni watu wazima wenye nia njema. Silabasi ya miaka minne haipiti ndani ya saa moja hata kama mwelezaji ni Newton mwenyewe. Anayezifaidi ni yule ambaye tayari anajua na anataka kukumbushwa vichwa vya mada. Wengine wanapoteza saa ya usingizi. Na yule mzazi aliyeambiwa amwekee mtoto sauti ya video akiwa amelala ili ubongo unase: mama, mzimie hiyo spika, alale.

Mtaniambia Khan Academy imeokoa watoto duniani kote. Sawa, tuangalie ilivyoanza. Mwaka 2004 Salman Khan alikuwa Boston, binamu yake Nadia alikuwa New Orleans na amekwama kwenye hisabati. Alimfundisha kwa simu, akimuuliza na kujibiwa. Ndugu wengine walipoongezeka alitengeneza programu ya kuwapa mazoezi. Video zilikuja mwaka 2006, baada ya hayo yote, za kurudia kile walichokwisha kuhangaika nacho. Eddie Woo wa Sydney naye alianza mwaka 2012 kurekodi vipindi vyake kwa ajili ya mwanafunzi wake mmoja mgonjwa wa saratani, aliyekuwa akikosa darasa. Wote wawili walimjua kwa jina mtu waliyemrekodia, walijua amekwama wapi, na walikuwa na namna ya kumuuliza. Sisi tumechukua video tukaacha hayo mengine, kisha tunashangaa.

Haya, chaneli, maana najua ndizo mlizozifuata. Wa shule ya msingi: Ubongo Kids, ya Kiswahili, inatengenezwa Dar es Salaam na imekuwa ikionyeshwa kwenye televisheni tangu 2014, hivyo si lazima bando, mdogo zaidi aangalie Akili and Me ya watu haohao. Sekondari, hisabati na hesabu za Fizikia: Khan Academy, lakini iwe kwenye tovuti au programu yao yenye mazoezi, bure, siyo kurukaruka YouTube. Wa kidato cha tano na sita wanaochukua hisabati: 3Blue1Brown ya Grant Sanderson, kwa kuona umbo la wazo, halafu warudi kwenye kitabu maana haitawafanyia mazoezi. Kemia katika shule isiyo na maabara: Periodic Videos ya Chuo Kikuu cha Nottingham, kila elementi ina video yake, utaona sodiamu ikiwaka juu ya maji badala ya kuisoma tu. Veritasium ni ya Jumapili mchana, kwa raha. Wanaoeleza kwa Kiswahili ni msaada mkubwa, ila mtihani wa taifa wa sekondari ni wa Kiingereza, kwa hiyo jioni hiyohiyo mtoto aandike jibu lake kwa Kiingereza, vinginevyo ataijua mada na kushindwa kuisema.

Namna ya kutazama, upesi. Swali litangulie video: achukue moja kutoka mtihani uliopita, ajaribu, akwame, aandike anachodhani hata kama ni upuuzi, ndipo atafute video ya swali hilo. Mwelezaji akifika kwenye hesabu, video isimamishwe, mtoto afanye mwenyewe kwanza. Fupi ni bora: mwaka 2014 watafiti walipopitia vipindi milioni 6.9 vya kutazama video za masomo ya mtandaoni ya edX, waliona watu hawakai sana zaidi ya dakika 6, video iwe ndefu kiasi gani. Ikiisha, simu ifungwe, aandike kwenye karatasi tupu alichopata bila kuchungulia, na kesho arudie. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walionyesha kwamba baada ya dakika tano wanaorudia kusoma wako mbele, lakini baada ya wiki wanaojipima ndio wanaokumbuka, na mtihani wa taifa hauji baada ya dakika tano. Kuongeza kasi ya video hadi moja na nusu hakuna madhara, acheni kugombana kwa hilo. Uchezaji wa kujiendesha uzimwe. Ubora wa 360 unatosha kuona ubao, msichome MB. Pakueni video mapema mahali penye Wi-Fi. Simu ikiwa moja nyumbani, hiyo ni bahati: ikae kwa mzazi, atakayeitaka aje na swali lililoandikwa na airudishe pamoja na daftari. Huhitaji kujua Fizikia kukagua. Tazama kama kuna jibu la kwanza lililokatwa na la pili chini yake. Ukurasa usio na mkato wowote ni ukurasa ulionakiliwa.

Na mkitaka kupendekezana kwenye grupu, basi msitume chaneli. Tumeni video moja, mtaje dakika, na mwandike swali ambalo mtoto alishindwa kabla ya kuiona na akaliweza siku mbili baadaye bila simu mkononi. Picha ya daftari iambatane. Viungo vitupu vya "hii ni moto, mwanangu kaipenda" nitakuwa navifuta, mimi ndiye msimamizi wa grupu.