Akiba ya Violezo: Istilahi na Utendaji Wake Pasipo Mtandao

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza jinsi programu ya kwenye tovuti inavyoweza kutumika pasipo mtandao, kisha yanapendekeza istilahi ya jambo hilo. Mfano wetu ni delta ya Rufiji, katika Wilaya ya Kibiti iliyomegwa kutoka Rufiji mwaka 2016. Baadhi ya vijiji vya huko hufikiwa kwa mashua, kupitia mikondo ya mto na misitu ya mikoko. Takwimu za zahanati nchini Tanzania hujazwa katika vitabu vya MTUHA, kisha huingizwa katika DHIS2, programu inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo fomu zake huweza kujazwa hata mtandao unapokosekana.

2.0 Utendaji

Ukurasa wa programu hiyo una sehemu mbili: kiolezo, yaani umbo la fomu na maswali yake, na data, yaani majibu. Mtandao unapopatikana, kivinjari huchukua nakala ya violezo kutoka kwenye seva. Mtandao ukikatika, kivinjari humpa mtumiaji nakala hiyo, na majibu yake husubiri katika foleni hadi mtandao urejeapo.

Tatizo huzuka kiolezo kinapobadilishwa kwenye seva. Tuchukue mfano wa kudhania. Swali moja la mahudhurio ya wajawazito limegawanywa mawili: hudhurio la kwanza na la marudio. Muuguzi aliye deltani angali na kiolezo cha zamani, naye anajaza jumla ya 30. Seva isiyojua toleo huweza kuiweka jumla hiyo yote katika hudhurio la kwanza, na vyandarua vikaagizwa kwa hesabu ya uongo. Kwa hiyo ni lazima kila kiolezo kiwe na namba ya toleo, na kila jibu lipelekwe pamoja na namba hiyo.

3.0 Istilahi

Neno "hifadhi" hudokeza udumu, kama katika hifadhi ya nyaraka. "Akiba" ni kitu kilichowekwa kando kwa siku ya uhaba, ilhali chimbuko lake liko kwingine. Maana hii ya pili ndiyo inayoafiki utendaji tulioueleza; hivyo tunapendekeza "akiba ya violezo".

4.0 Hitimisho

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Akiba ya violezo, ikikosa namba ya toleo, huoza; na aliyeiweka hana dalili ya kumjulisha.