Manju na Mwenyekiti: Uongozi Mpya katika Asasi za Kufunza Ngoma

Utangulizi

Makala haya yanashughulikia suala ambalo hutajwa mara chache katika kozi zetu za fasihi simulizi, nalo ni uongozi wa asasi zinazofunza ngoma. Tumezoea kuichunguza ngoma kama utanzu: tunachambua maneno ya nyimbo zake, maleba, mapigo na nafasi ya hadhira. Ni nadra kuuliza nani anatunza fedha za kikundi, nani anamlipa mwalimu wa ngoma, na ni nini hutokea watu wapya wanapoingia katika bodi. Hata hivyo, majibu ya maswali hayo ndiyo huamua kama utanzu huo utakuwapo kwa vizazi vijavyo.

Hoja tunayoijenga ni kwamba ngoma ina mamlaka ya aina mbili, na kwamba Kiswahili kina majina ya zote mbili: manju na mwenyekiti. Asasi hudumu pale mamlaka hayo mawili yanapofahamiana. Mara nyingi uhusiano huo hupimwa siku viongozi wapya wanapoingia. Mfano wetu wa mazingira ni Timau.

Kwa nini Timau?

Timau ni mji mdogo katika Kaunti ya Meru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kando ya barabara itokayo Nanyuki kuelekea Meru. Enzi za ukoloni eneo hilo lilikuwa la mashamba ya walowezi. Leo hulimwa ngano, shayiri na viazi, na mashamba ya maua huajiri wafanyakazi kutoka pande nyingi za nchi. Kwa hiyo Mmeru wa Timau huishi jirani na Mkikuyu, Mturkana, Msamburu na wengineo, na watoto wao husoma katika madarasa yale yale.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Katika kijiji cha Chuka, kusini zaidi, kijana anaweza kujifunza kuipiga ngoma ile ndefu inayobanwa katikati ya mapaja kwa kumtazama mjomba wake, na hakuna anayepiga kura kumchagua mwalimu. Jamii yenyewe ndiyo shule. Timau, neno "kwao" lina wenyewe wengi. Wazazi wakitaka watoto wao wafunzwe ngoma, ni lazima kwanza wakubaliane: ngoma ya nani ifunzwe, nani afunze, siku gani, kwa malipo gani. Makubaliano hayo hufanyika katika kikao, na lugha ya kikao cha watu wa makabila mbalimbali ni Kiswahili. Hapo ndipo kamati inapozaliwa, na ikikua huitwa bodi.

Utengano wa mamlaka si jambo geni Meru. Kwa desturi, utawala ulipita kutoka rika moja hadi jingine, na tendo la kukabidhi liliitwa ntuiko. Njuri Ncheke, baraza la wazee ambalo makao yake yako Nchiru, liliamua mashauri. Kando yake alikuwapo Mugwe, aliyeandikiwa kitabu na Bernardo Bernardi mwaka 1959, ambaye uzito wake ulikuwa katika kubariki. Kwa hiyo Wameru walikwisha kufahamu kwamba aamuaye mashauri si lazima awe ndiye mwenye baraka.

Istilahi na maana zake

Neno "ngoma" lenyewe huleta utata. Hutaja chombo kinachopigwa, uchezaji wa viungo, wimbo unaoimbwa, na hata sherehe nzima. Mjumbe wa bodi anayesoma katika bajeti kwamba fedha zinaombwa kwa ajili ya "ngoma" anaweza kudhani ni vyombo vya kununuliwa dukani, kumbe mwalimu anakusudia pia waimbaji, njuga, maleba na siku za mazoezi.

Manju ni bingwa wa kutunga na kuongoza nyimbo za ngoma. Sogora ni fundi hodari, hasa wa kupiga ngoma. Mamlaka ya wawili hawa hutokana na ujuzi unaoonekana uwanjani. Hawachaguliwi kwa kura, wala muhula wao hauishi kwa kalenda.

Kundi la pili la istilahi linatokana na ofisi. Mwenyekiti ni mwenye kiti, na kiti hukaliwa kwa zamu. Katibu, neno lenye asili ya Kiarabu, ni mwandishi. Mweka hazina huweka mali isiyo yake. Mdhamini ni mtu aliyebeba dhamana, yaani anayeweza kuulizwa jambo likiharibika. Mamlaka ya hawa hutokana na ridhaa ya wanachama au ya katiba, na yana mwanzo na mwisho. Kumwita mtu "mdhamini wa asasi ya ngoma" si kumpa sifa ya heshima tu, bali ni kumtwika mzigo.

Beni na lelemama: mafunzo ya pwani

Wapo wanaodhani kwamba kamati na vyeo ni mambo yaliyoletwa kwenye ngoma na wafadhili wa siku hizi. Historia ya pwani inakanusha. Kuanzia miaka ya 1890, vyama vya beni vilienea katika miji ya pwani ya Kenya na kisha Tanganyika, vikiiga bendi za tarumbeta na gwaride. Terence Ranger, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1975, alionyesha kuwa vyama hivyo, vikiwamo Marini na Arinoti, vilikuwa na viongozi wenye vyeo vya kijeshi na vya kifalme, na vilikuwa na matawi katika miji mbalimbali. Vilishindana kwa ngoma, lakini pia viliwasaidia wanachama kwenye ugonjwa, msiba na ugeni wa mjini.

Wanawake wa Mombasa nao walikuwa na vyama vya lelemama. Margaret Strobel, aliyeandika historia ya wanawake Waislamu wa Mombasa mwaka 1979, alieleza jinsi wanawake walivyopanda vyeo katika vyama hivyo kwa kuandaa karamu na kutumikia wenzao. Mwenye cheo hakuwa mgeni uwanjani, kwani alikuwa amecheza, ametoa mali yake na amejulikana. Katika vyama hivyo, kiti na uwanja havikuwa mbalimbali.

Tofauti ya leo ni kwamba viti vimeanza kukaliwa na watu wasioingia uwanjani: mhasibu, wakili, meneja wa hoteli, mwalimu mkuu mstaafu. Ujuzi wao unahitajika sana. Tatizo ni kudhani kwamba ujuzi huo unatosha.

Bagamoyo na Unguja

Mfano wa Tanzania unaonyesha sura zote mbili za jambo hili. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, baada ya kundi la taifa la ngoma kuvunjwa, na baadhi ya wasanii wake wakawa walimu. Miongoni mwa waliofundisha hapo ni Hukwe Zawose, Mgogo aliyesifika kwa zeze na ilimba, aliyefariki mwaka 2003. Mwaka 2007 chuo kilibadilishwa kuwa wakala wa serikali, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, maarufu kama TaSUBa. Muundo wa uongozi ulibadilika kwa tangazo la kisheria. Ujuzi wa Zawose haukuweza kurithiwa kwa tangazo. Uliendelea kupitia wanafunzi na jamaa zake waliokuwa wamepiga na kuimba pamoja naye kwa miaka mingi.

Unguja inatoa funzo la upande wa pili. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanza kufundisha taarabu, ngoma na muziki mwingine mwanzoni mwa miaka ya 2000, kilitangaza mwaka 2019 kwamba kilikuwa hatarini kufungwa kwa kupungukiwa na fedha za wafadhili. Walimu walikuwapo na wanafunzi walikuwapo. Kilichopungua kilikuwa kile ambacho kwa kawaida ni jukumu la bodi kukitafuta. Basi manju bila mwenyekiti hukosa pa kufundishia, na mwenyekiti bila manju hubaki na jengo na barua za wafadhili.

Bodi mbele ya sheria

Nchini Kenya, kikundi kidogo cha kijamii husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya mwaka 2022. Asasi kubwa zaidi isiyolenga faida huweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024 na kuchukua nafasi ya sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 1990. Msingi wa asasi ya namna hii ni kwamba mapato hayagawanywi kwa wanachama au viongozi kama faida, bali hurudishwa katika kazi iliyoandikwa katika katiba yake.

Ipo sheria nyingine ambayo bodi nyingi za sanaa zingefaa kuisoma kabla ya kikao cha kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni ya mwaka 2016 inaitambua ngoma ya jadi kuwa mali ya jamii iliyoizaa. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 11, nayo inalitaka Bunge kutunga sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa fidia au mrabaha kwa matumizi ya utamaduni wao.

Tuchukue mfano wa kubuni. Asasi ya Timau inawafunza watoto wa shule ngoma ya Chuka. Hoteli moja inaomba onyesho la dakika kumi, na inataka kulirekodi na kulitumia katika matangazo ya biashara. Nani aamue? Mwenyekiti anaweza kusaini mkataba. Manju ndiye ajuaye ni sehemu gani ya ngoma isiyokatwa na ni wimbo gani usioimbwa mbele ya walaji. Na jamii ya Chuka, ambayo haina mjumbe katika kikao hicho, ina haki ya kuombwa ridhaa. Bodi mpya isiyojua hayo inaweza kuiuza mali isiyo yake kwa nia njema kabisa.

Namna ya kuwaingiza viongozi wapya

Kutokana na maelezo haya, tunaweza kutaja mambo matano.

Kwanza, mihula isikome kwa pamoja. Bodi ya watu tisa inaweza kubadilisha watatu kila mwaka, ili wageni wawakute wenyeji.

Pili, makabidhiano yawe ya maandishi. Katiba, vitabu vya hesabu, orodha ya ngoma, njuga na maleba, majina ya watia saini benki, mikataba na barua za ridhaa za jamii vikabidhiwe mbele ya mashahidi. Asasi nyingi hupoteza kumbukumbu zake kwa sababu zilikuwa katika mkoba wa katibu aliyeondoka.

Tatu, mjumbe mpya ahudhurie mazoezi kabla ya kuhudhuria kikao. Hatulazimiki kumtaka acheze, bali aone jasho la watoto na urefu wa somo, ili bajeti itakapofika mezani ajue inazungumzia nini.

Nne, mwenye maslahi ayataje. Meneja wa hoteli anaweza kuwa mjumbe mwema, lakini mkataba wa hoteli yake unapojadiliwa, atoke nje ya chumba.

Tano, manju awe na sauti inayotambuliwa na katiba, ama kwa kiti katika bodi ama kwa kamati ya walimu ambayo rai yake juu ya maudhui ya ngoma haipuuzwi. Pamoja na hilo, bajeti imtenge mwanafunzi wa manju, yaani kijana anayelipwa kidogo ili akae karibu naye na kurithi. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya katika orodha ya urithi unaohitaji ulinzi wa haraka, na miongoni mwa sababu ni kudhoofika kwa urithishaji huku wajuzi wengi wakiwa wazee. Hali hiyo haitibiwi na onyesho moja kubwa. Inahitaji mtu wa kurithi, na mtu huyo huhitaji nauli na chakula.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba uongozi wa ngoma una sura mbili, na kwamba katika vyama vya pwani sura hizo zilikaa karibu. Tumeonyesha pia kwamba katika mji wa watu wengi kama Timau, bodi si anasa wala uigaji wa Wazungu. Ni njia ya majirani wasio na rika moja wala ukoo mmoja kuwapatia watoto wao mwalimu mmoja.

Mashindano ya Muziki ya Kenya, yaliyoanza mwaka 1927, yamewaweka jukwaani wanafunzi wengi wanaocheza ngoma zisizo za makabila yao. Tuzo ikishatolewa na basi la shule likisharudi, swali la nani ataendelea kufunza hubaki kwa watu wazima walioketi katika kikao. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna la kuchangia humo: tunaweza kuandika katiba na kumbukumbu za vikao kwa lugha ambayo mwenyekiti na manju wote wanaielewa. Mzee asiyesoma Kiingereza asipoielewa katiba ya asasi inayofunza ngoma yake, basi ametolewa katika asasi hiyo kabla hata ya kura kupigwa.