Datsun 240Z: Nguvu Kwanza au Kutu Kwanza?

Datsun 240Z si mgeni kwetu. Ndiyo iliyompa Edgar Herrmann ushindi wa mashindano ya Safari mwaka 1971, na Shekhar Mehta mwaka 1973. Wenye kuyatunza magari haya hawakutani bila ya kubishana, nami hupenda kuwasikiliza.

Vijana hutaka kuzing'oa kabureta zake mbili na kutia tatu za Weber, ili ile injini ya lita 2.4, yenye silinda sita, ingurume zaidi. Wakongwe huwajibu: zilinganisheni kwanza hizo mbili zivute hewa sawasawa, muone kama gari halikubadilika.

Mimi ni wa upande wa wakongwe, tena naongeza langu la mtu wa pwani, ajuaye chumvi ilavyo chuma. Gari hili halina fremu ya kando. Bodi ndiyo uti wa mgongo wake. Basi inua zulia, udukue sakafu kwa bisibisi, kisha utazame chini ya betri, penye kuvujiwa na tindikali. Bisibisi ikizama, fedha za Weber mpe fundi wa kuchomelea. Zifuate breki, diski za mbele na dramu za nyuma. Hapo tena vijana na warudi na kabureta zao, tuwasikilize.