Makazi ya Wenye Kipato Kidogo Jijini Dodoma

Tangu Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali yote ingehamia Dodoma, mji ulioteuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, watumishi wa umma wamefuatwa na walinzi, wafagizi, mama lishe na vibarua wa ujenzi, ambao nao wanahitaji pa kulala. Shirika la Nyumba la Taifa limejenga Iyumbu, na Wakala wa Majengo, unaowapangisha watumishi nyumba za Serikali, umejenga Nzuguni; lakini mlinzi wa Mtumba, uliko Mji wa Serikali, anayedaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, huishia chumba kimoja chenye choo cha pamoja, mbali na lindo lake. Anachostahili ni nyumba nafuu, yaani ile ambayo kodi yake haimezi mshahara, na viwanja vya kuijengea vitengwe sasa, kabla ardhi haijapanda bei zaidi.