Kashfa za vigogo zauzika, hofu yabaki kwa mwenye duka

Uchaguzi unapokaribia nchini Kenya, tawasifu za wanasiasa na za waliokuwa wandani wao huanza kuibuka. Zinazonunuliwa haraka ni zile zinazoanika nani alikula na nani alimsaliti nani. Hata hivyo, si kila aliye katika biashara hii anayefaidi.

Muuza vitabu mmoja katikati ya jiji la Nairobi, aliyeomba asitajwe jina, anasema balaa yote humwangukia yeye. Mwandishi huenda yuko ng'ambo na mchapishaji London, hivyo mwenye duka ndiye wa kushikwa kirahisi. Hofu hiyo ina msingi. Miaka ya 2000 ilipoanza, mwanasiasa mmoja alishinda kesi ya kukashifiwa kupitia kitabu na kutunukiwa fidia ya mamilioni ya shilingi, na duka lililouza kitabu hicho halikuepuka mkono wa sheria. Mwaka 2009, kitabu kuhusu mfichuzi wa sakata ya ufisadi ya Anglo Leasing kilipotoka Uingereza, maduka mengi ya Nairobi hayakuthubutu kukiuza. Wasomaji walikipata kupitia makanisa na mashirika ya kijamii.

Leo kitabu cha aina hiyo hakihitaji duka. Muuzaji huyo analalama kuwa siku chache baada ya uzinduzi, wateja huja kuulizia bei tu, ilhali PDF wanayo kwenye WhatsApp. Magazeti nayo humaliza uhondo mapema: mwaka 2012, tawasifu ya aliyekuwa mshauri wa Waziri Mkuu wa wakati huo ilichapwa gazetini kwa mfululizo.

Wapo pia wanaolaumu kodi, lakini afisa mmoja wa serikali, naye akificha jina, anakana kwamba ndiyo inayoua soko. Kwa hesabu yake, katika kitabu cha Sh1,500, VAT ya asilimia 16 ni takriban Sh207 "tu". Hesabu ni sahihi. Asilolisema ni kwamba mrabaha wa mwandishi kwa kawaida ni kama asilimia 10, yaani Sh150. Serikali inavuna zaidi kutokana na siri hizo kuliko mwenye kuzitoboa. Afisa huyo anasisitiza pia kuwa misako imepunguza nakala haramu, lakini hakutoa takwimu yoyote.

Uchaguzi wa 2027 huenda ukaleta vitabu vipya. Muuzaji wetu anasema atavipokea kwa masharti mawili: visivyonunuliwa virudi kwa mchapishaji, na wakili wa mchapishaji avisome kwanza.